Dawa Yenye Shabaha

Kazi ya mkalimani ni kazi ya daraja. Watu hupita juu yake kutoka ng'ambo hii kwenda ng'ambo ile, wala hapana amwulizaye daraja kama limechoka. Nimeifanya kazi hii katika hospitali za Uingereza kwa miaka mingi, nikiwafasiria wagonjwa wasemao Kiswahili: watu wa Mombasa na Unguja, Wabajuni, na watu wa Kongo. Katika miaka hiyo nimefikisha habari njema na habari mbaya kwa sauti moja, kama nilivyofundishwa. Lakini iko siku moja ya mwaka 2022 ambayo sauti yangu ilinisaliti. Habari ya siku hiyo nataka kuisimulia hapa, kwa kuwa ndani yake mna mambo mawili yawapasayo wasomaji wa jarida hili: namna dawa mpya inavyopatikana, na namna neno la kuielezea linavyotafutwa.

Mgonjwa alikuwa bibi wa pwani, umri wake wapata miaka sitini. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia kwetu Tanga, uso wake ulikunjuka. Alikuwa amekwisha kupasuliwa, na amekwisha kumaliza duru sita za dawa kali za mshipani. Daktari wake, mwanamke kijana mwenye subira nyingi, alikuwa na habari mbili za kumpa. Ya kwanza ni kwamba saratani yake ya ovari ilitokana na kasoro aliyoirithi. Ya pili ni kwamba, kwa sababu ya kasoro hiyo hiyo, iko dawa ya vidonge iliyomfaa kuliko ilivyowafaa wengine.

Neno la kwanza lililonikwaza ni ovari yenyewe. Wako wasemao mfuko wa mayai, na wako wasemao kokwa la kike. Bibi yule alikuwa akisema tumbo la uzazi, neno linalochanganya nyumba na vyumba vyake. Neno la pili lilikuwa zito zaidi. Katika Kiswahili kasoro husemwa juu ya nguo, juu ya tabia na juu ya mtu. Ukimwambia mama mtu mzima kuwa ana kasoro ya urithi, hatasikia habari ya mwili; atasikia ukoo wake ukitukanwa mbele ya mgeni. Nikachagua neno hitilafu, maana hitilafu huweza kutokea katika chombo bila ya aliyekiunda kulaumiwa. Nalichagua kwa nusu dakika neno ambalo baraza la lugha lingelijadili kwa siku tatu.

Yafaa nieleze kwanza maradhi yenyewe. Ovari ni viungo viwili vidogo, kila kimoja ukubwa wa lozi, vilivyofichwa ndani ya nyonga. Uvimbe ukianza huko hauonekani wala haushikiki, na una nafasi ya kukua kabla haujamsumbua mwenyewe. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa saratani nyingi tuziitazo za ovari huanzia kwenye ncha ya mrija unaopokea yai, kisha chembe zake hudondokea ovari na kusambaa tumboni. Dalili zake ni za unyenyekevu: tumbo kujaa, maumivu madogo ya nyonga, kwenda haja ndogo mara kwa mara, kushiba kabla ya kula cha kutosha. Ni nani asiyepatwa na mambo hayo? Ndiyo maana wengi hufika kwa daktari maradhi yamekwisha kuenea. Katika mwaka 2022 ulimwengu ulihesabu wagonjwa wapya wapatao 324,000, na waliokufa walikaribia 207,000.

Watu wamejaribu kuyavizia maradhi haya mapema. Uingereza iliwafuata wanawake zaidi ya 200,000 kwa miaka mingi, wengine wakipimwa damu kila mwaka, wengine wakipigwa picha, wengine wakiachwa bila kupimwa. Matokeo ya mwisho yalipotolewa mwaka 2021, ilionekana kwamba kupima hakukupunguza vifo. Jambo hili ni chungu, lakini elimu isiyokubali kusema chungu haitasadikiwa isemapo tamu.

Dawa za zamani nazo zina hadithi zake. Katika mwaka 1965 mwanachuoni mmoja wa Michigan, Barnett Rosenberg, alipitisha umeme katika maji yenye vijidudu ili aone utafanya nini. Vijidudu viliacha kugawanyika vikarefuka kama nyuzi. Ilidhihirika baadaye kuwa si umeme uliofanya vile, bali madini ya platini yaliyomomonyoka kutoka katika vyuma vyake. Kutokana na ajali hiyo ikapatikana dawa ya platini, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1978. Mwenzi wake alitoka mtini: gome la mti mmoja wa misitu ya magharibi ya Marekani lilikusanywa mwaka 1962 katika juhudi ya kutafuta mimea yenye manufaa, na dawa yake, paklitakseli, ikaruhusiwa kwa saratani ya ovari mwaka 1992. Dawa hizi mbili hata leo ndizo nguzo za tiba. Walakini hupiga kila chembe igawanyikayo upesi, iwe mbaya au njema. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo huchubuka na damu hupungua. Ni kama mkulima afyekaye magugu na mahindi pamoja, akitumaini kuwa mahindi yatachipua kabla ya magugu.

Dawa aliyokuwa akiizungumza daktari siku ile ni ya namna nyingine. Wenyewe huita tiba za namna hiyo tiba zenye shabaha, yaani dawa iliyokusudiwa jambo moja ambalo chembe ya saratani inalo na chembe njema haina. Jina lake ni olaparibu. Daktari aliisema kwa sentensi tano za Kiingereza. Nikamtazama bibi, naye akanitazama, nami nikaona kuwa nikizifasiri sentensi zile tano kama zilivyo, nitakuwa nimesema Kiswahili asichokielewa mtu. Nikaomba ruhusa nitumie mfano, daktari akakubali.

Nikamwambia: Bibi, kila chembe ya mwili ni kama jahazi lililo safarini. Ndani yake mna uzi wa urithi, nao kila siku hupata nyufa, kama mbao zipatavyo nyufa kwa jua na mawimbi. Jahazi lina mafundi wawili. Mmoja ni wa kalafati, azibaye nyufa ndogo. Wa pili ni seremala mkuu, atengenezaye ubao uliovunjika kabisa. Saratani yako ni majahazi yasiyo na seremala. Yanasafiri kwa sababu wa kalafati yupo. Dawa hii humkamata yule wa kalafati, ikamnasa pale pale kwenye ufa alipokuwa akifanya kazi. Nyufa ndogo zikiachwa huwa mbao zilizovunjika. Katika jahazi zima seremala ataamka azitengeneze. Katika jahazi la saratani hapana wa kuamka, nalo litazama.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa hakika, na wataalamu hawakuifikia kwa siku moja. Kimeng'enya kiitwacho PARP, ambacho ndicho fundi wangu wa kalafati, kilianza kujulikana Strasbourg mwaka 1963. Habari ya kuwa hitilafu mbili zisizoua moja moja huweza kuua zikikutana ilionwa katika inzi wa matunda tangu mwaka 1922, na mwanachuoni wa urithi Theodosius Dobzhansky akaipa jina mwaka 1946. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kuwa saratani ya matiti ya baadhi ya koo ina chanzo chake mahali pamoja katika kromosomu ya 17. Jeni yenyewe, BRCA1, ilipatikana mwaka 1994, na ya pili, BRCA2, mwaka 1995. Hizo ndizo ziongozazo kazi ya seremala. Kisha mwaka 2005 makundi mawili ya wachunguzi, moja likiongozwa na Alan Ashworth London na jingine na Thomas Helleday Sheffield, yalitangaza katika toleo moja la jarida moja kuwa chembe zisizo na jeni hizo hufa zikizuiliwa PARP. Inzi, kimeng'enya, ukoo wenye msiba: kila mmoja alileta kijinga chake bila kumjua mwenziwe. Wahenga walikwisha kusema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Baada ya hapo ilibaki kazi ya kuthibitisha kwa watu. Jaribio la kwanza la olaparibu kwa wagonjwa 60 lilitangazwa mwaka 2009. Dawa ikaruhusiwa Ulaya na Marekani mwishoni mwa mwaka 2014. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya wanawake 391 wenye hitilafu hii, waliokuwa wamemaliza tiba ya platini na kupata nafuu. Baada ya miaka mitatu, katika kila 100 waliopewa vidonge, 60 hawakuwa wamerudiwa na maradhi wala kufa. Katika waliopewa vidonge vitupu, 27 tu. Baada ya miaka saba, katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa hai 67, na katika la pili wapatao 47, ingawa karibu nusu ya hao wa pili walipewa dawa za namna ile baadaye.

Nimo katika kumaliza mfano wangu, nikiona fahari kidogo, bibi akainua mkono. Akasema: "Mwanangu, umeniambia hitilafu hii nilizaliwa nayo. Basi majahazi yangu yote hayana seremala. Dawa hii haitaizamisha na ini yangu, na moyo wangu?"

Nilinyamaza. Nimesikia mfano ule ukisifiwa baadaye na wasomi, na hapana hata mmoja aliyeuliza swali hilo. Nikamgeukia daktari nikamfasiria, naye akaweka kalamu chini akatabasamu, akajibu kama amjibuye mwanafunzi mwenzake. Kila jeni, alisema, mtu hupewa mara mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Bibi amerithi moja iliyoharibika. Ya pili ni nzima, nayo yatosha kumweka seremala kazini katika ini na moyo na kila pahali. Katika saratani, ile ya pili nayo imepotea, na hapo ndipo mahali palipo na tofauti. Shabaha ya dawa ni pengo hilo.

Bibi akatikisa kichwa. "Basi ana seremala mmoja badala ya wawili," akasema. "Nimefahamu."

Daktari hakuficha upande wa pili. Vidonge hivi humezwa mara mbili kila siku kwa miaka miwili. Huleta kichefuchefu na uchovu, na hupunguza damu. Na mara chache huweza kuleta maradhi mabaya ya uboho. Mwaka ule ule wa 2022, huko Marekani, matumizi ya dawa za jamii hii kwa wanawake waliokwisha kutibiwa kwa dawa nyingi yaliondolewa, kwa sababu ilionekana kuwa huenda waliotumia waliishi muda mfupi kuliko waliopewa dawa za zamani. Dawa ile ile yaweza kumfaa mtu asubuhi ya ugonjwa wake na kumdhuru jioni yake. Shabaha si kujua adui tu. Ni kujua na wakati.

Tena, wengi hawana pengo hili. Kwao wachunguzi wametafuta alama nyingine. Iko protini inayopokea foleti, ambayo chembe nyingi za saratani ya ovari huwa nayo kwa wingi juu ya ngozi yake. Wataalamu wamechukua kingamwili iijuayo protini hiyo, wakaifunga na sumu, kama mwindaji apakaye mshale. Mshale hufuata alama, ukaingia, ukaachia sumu ndani. Dawa hiyo, mirvetuksimabu, iliruhusiwa Marekani mwaka 2022 kwa wanawake ambao dawa ya platini imekwisha kushindwa. Katika jaribio la wanawake 453 lililotangazwa mwaka 2023, nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 16, na nusu ya waliopewa dawa za kawaida zaidi ya miezi 12 na kitu. Msomaji kijana huenda akasema miezi minne ni nini. Nimekaa na watu ambao miezi minne ilikuwa arusi ya mtoto, au mjukuu wa kwanza, au safari ya mwisho ya nyumbani. Sijamsikia hata mmoja akiiita michache.

Lakini nirudi chumbani. Daktari alikuwa amefika neno la mwisho. Kwa kuwa hitilafu ni ya urithi, alisema, kila mtoto wa bibi, mume au mke, ana nafasi moja katika mbili ya kuwa nayo. Katika wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, 44 hivi hupatwa na saratani ya ovari kabla ya kutimiza miaka 80. Kwa BRCA2 ni 17. Kwa wanawake wengine hawafiki wawili. Ingefaa mabinti waambiwe.

Bibi akanishika mkono, akasema kwa sauti ndogo: "Mwanangu, mwambie sina mabinti. Mdogo anaolewa mwezi ujao. Wakisikia wakwe, arusi haipo. Tusitiri."

Katika kazi yangu iko sheria moja isiyopinda: kila lisemwalo chumbani sharti lifikishwe. Nami ni mtoto wa pwani, nijuaye uzito wa neno tusitiri. Nikamwambia: "Bibi, unisamehe. Siwezi kusema usilolisema, wala siwezi kuficha ulilolisema. Lakini naweza kumweleza daktari kwa nini umelisema." Alinitazama muda mrefu. Kisha akasema: "Mweleze, basi. Mweleze vizuri."

Nikaeleza, na hapo ndipo sauti ilipokatika. Daktari alidhani ni huruma, na bibi alidhani hivyo hivyo. Haikuwa huruma, ilikuwa haya. Maana nilipokuwa nikisema kwa Kiingereza maneno ya kumtetea bibi, nilijisikia nikijitetea mwenyewe.

Mama yangu alikufa Tanga mwaka 1987, naye ana miaka 46. Tumbo lilijaa maji, likatolewa maji, likajaa tena. Wako waliosema amefungwa, na wako waliosema ni ini. Hapana aliyelipa jina, na sisi watoto tulifundishwa tusiliulize. Dada yake alikufa kwa saratani ya titi kabla hajafika 50. Mambo hayo mawili niliyajua maisha yangu yote. Kwa miaka mingi nimewafasiria wengine maana yake, nikawahimiza kwa mdomo wa daktari wakapimwe, kisha nikavaa koti langu nikaenda nyumbani. Nalikuwa daraja nisilolipita mwenyewe.

Bibi hakulazimishwa jambo. Daktari alimwambia kuwa habari ni yake, na siku ya kuitoa ni yake, na iko barua itakayomsaidia atakapokuwa tayari. Tulipoonana tena baada ya miezi mitatu, alikuwa akimeza vidonge vyake. Alikuwa amekonda, lakini mchangamfu. Arusi ilikuwa imepita. Mabinti walikuwa wamekwisha kuambiwa, na aliyewaambia ni yeye mwenyewe. Hakuniambia aliyoyasema. Aliniambia tu kuwa aliutumia mfano wa jahazi, na kwamba bwana arusi, ambaye ni baharia, aliufahamu kabla ya wote.

Nami nilikwenda kupimwa. Nilisimulia habari za ukoo wangu, nikatolewa damu, nikangoja majuma kadhaa yaliyokuwa marefu. Jibu lilikuwa kwamba hitilafu hizo sinazo. Nilimshukuru Mungu; lakini mshauri akanionya nisiifanye furaha yangu kuwa ya ukoo mzima. Mama hakupimwa. Kama alikuwa nayo, mimi nimeikosa kama mtu anavyokosa kura, na mdogo wangu huenda hakuikosa. Jibu langu halisemi neno juu yake.

Basi nikampigia simu mdogo wangu Tanga. Nikamweleza yote kwa mpango, kama nilivyozoea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hospitali za huku haziulizwi mara nyingi: "Dada, na nikijua, nitafanya nini? Hiyo dawa yako yenye shabaha, sisi inatuona?"

Swali hilo ni la haki, wala sikulipamba jibu. Dawa hizi ni ghali, na bei yake nayo ina shabaha. Humfikia mwenye mfuko kwanza. Lakini nikamwambia kuwa elimu ile ile iliyozaa dawa imezaa na jambo lisilohitaji dawa. Mwanamke mwenye hitilafu hii, akiisha kuzaa watoto awatakao, aweza kuondolewa ovari na mirija kabla maradhi hayajaanza. Kwa BRCA1 hushauriwa kati ya miaka 35 na 40, kwa BRCA2 kati ya 40 na 45. Hatari hushuka sana. Humtia mwanamke katika ukomo wa hedhi kabla ya wakati, na hilo si jambo dogo. Lakini ni kazi ya kisu na mkono wa mpasuaji aijuaye kazi yake, na wapasuaji wa namna hiyo kwetu wapo. Kuvunja mnyororo wa ukoo kwahitaji kwanza mtu mmoja aseme kwa sauti kuwa mnyororo upo.

Akaniuliza dalili zake ni zipi. Nikamtajia moja moja: tumbo kujaa, maumivu ya nyonga, haja ndogo ya mara kwa mara, kushiba kabla ya kula cha kutosha. Nilipofika hapo simu ikawa kimya, nikadhani imekatika. Kisha nikasikia akivuta pumzi.

"Mama alikuwa hamalizi chakula," akasema. "Unakumbuka? Alikuwa anatusogezea sahani yake, anasema ameshiba. Mimi siku zote nilidhani anatuachia sisi."

Nami nilidhani hivyo hivyo. Juma lililofuata mdogo wangu alikwenda kuonana na daktari, akamhadithia habari ya mama na ya mama mkubwa tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuficha neno.